Barua ya wazi kwa Mheshimiwa uliyekata utepe: chumba cha tiba mtandao hakina kitanda

Mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na kichwa chako kimetulia. Changu hakijatulia tangu Machi.

Sikutaji jina wala cheo. Mwenyewe unajijua: ni wewe uliyepanda huku juu kwenye uwanda wa Makonde ukakata utepe wa chumba cha tiba mtandao hospitalini kwetu. Nilikuwepo. Nilikuwa juu ya paa la jengo la pili napiga misumari, tukaambiwa tunyamazishe nyundo, mgeni anaongea. Nikakaa kwenye kenchi nikakusikiliza vizuri kuliko waliokaa chini ya turubai. Ulisema, "Kuanzia leo hakuna tena kupanda basi kwenda Dar kumwona bingwa. Dar imekuja kwenu." Watu wakapiga makofi. Mimi niligonga bati.

Nimeshakuandikia barua tatu kwa njia ya masijala. Ya kwanza niliambiwa imepokelewa. Ya pili, inafanyiwa kazi. Ya tatu nilirudishiwa, eti haikutaja namba ya kumbukumbu ya ile ya pili, namba ambayo sikupewa. Hii ya nne naiweka hadharani, maana Jumatano iliyopita nimeona jambo ambalo nimeshindwa kulilalia. Nitalifikia. Niache kwanza niseme langu.

Asubuhi moja mwezi Machi nilijigeuza kitandani upande wa kulia nizime simu, nyumba ikapinduka. Sisemi kizunguzungu cha njaa au cha jua. Dari lilizunguka kama gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa, nikang'ang'ania godoro kwa mikono miwili nisianguke, na huku nimelala. Halafu likakoma. Hata dakika haikufika. Nikajipa moyo, nikaenda kazini. Juu ya paa nikainua uso kumtazama mwenzangu anayefunga kofia ya paa, likarudi. Alinidaka ukosi wa shati. Tangu siku hiyo nashika ngazi, Mheshimiwa. Miaka 22 nimeezeka nyumba za watu, shule mbili na msikiti, leo nashika ngazi wanapanda vijana niliowafundisha mimi, na nalipwa ujira wa mshika ngazi.

Duka la dawa walinipima malaria, hakuna. Zahanati wakapima presha, nzuri. Nikapewa vidonge vya kizunguzungu, vikanilaza usingizi wiki nzima, na kila nikijigeuza usingizini nyumba inageuka na mimi. Ndipo nikakumbuka hotuba yako. Nikaenda kwenye chumba.

Chumba ni kizuri, sikatai. Kina kiyoyozi, kina runinga pana kuliko mlango wangu. Chini yake meza, mbele ya meza kiti cha plastiki, na juu ukutani kamera. Daktari bingwa wa masikio akatokea kwenye runinga kutoka Dar, mama mmoja mpole. Akauliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: linakuja ukifanya nini? Linakaa sekunde, saa, au siku nzima? Sikio linavuma? Unasikia sawasawa? Nikamjibu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekwishaona pa kugonga.

"Nesi," akasema, "mkalishe kitandani, mgeuzie kichwa kulia, umlaze chali haraka, kichwa kining'inie kidogo nje ya ukingo. Halafu nisogezee macho yake."

Nesi akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Dokta, kitanda hatuna."

"Cha karibu kiko wapi?"

"Wodini."

"Kamera inafika huko?"

Kamera ile, Mheshimiwa, imefungwa ukutani kwa skrubu nne. Nilizihesabu. Ni kazi safi, aliyefunga anajua kazi. Dokta akaomba basi nisogee nifumbue macho mbele yake. Nikasogea, picha ikaganda. Ilipoganduka, macho yangu kwenye ile runinga yalikuwa madoa mawili ya kahawia. Gesi yetu ya Madimba inafika Dar kwa bomba tangu 2015, mamia ya kilomita, haikwami njiani. Macho yangu yalikwama. Nikaandikiwa rufaa niende Dar. Kwa basi.

Nauli na pa kulala nilivipata kwa kuuza korosho zingali mtini. Ndiyo, kangomba. Najua ni kosa, najua mmekataza, na naliandika hapa kila mtu alione. Mnaweza kuja kunikamata. Huenda mahabusu kuna kitanda.

Dar dokta alinikalisha kitandani, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza, akanilaza. Tulikaa kimya kama sekunde tano hivi, halafu chumba kikaanza kuzunguka na akasema, "Yaleee, macho yanacheza." Akasubiri yatulie. Akageuza kichwa kushoto, akasubiri. Akaniviringisha ubavu wa kushoto, pua ikatazama sakafu, akasubiri. Akaniinua. Kwisha. Dakika tano, Mheshimiwa. Sindano hakuna, mashine hakuna.

Akanieleza. Ndani ya sikio kuna mifereji mitatu iliyopinda nusu duara, imejaa majimaji, ndiyo inayoupasha ubongo habari kichwa kimegeukia wapi. Jirani ya mifereji hiyo kuna chembe ndogo za chokaa. Zikichomoka mahali pake zikaingia mferejini, kila ukigeuza kichwa zinayasukuma yale maji, ubongo unadanganywa kwamba unazunguka, na macho yanaufuata uongo huo. Ndiyo maana anataka kuyaona macho. Vidonge havitoi chembe mferejini. Zinatolewa kwa kukigeuza kichwa zimwagike zilikotoka. Nikamwambia, dokta, kumbe ni pima maji iliyoingia mchanga. Akacheka, akasema atawaambia hivyo wanafunzi wake.

Binti yangu anasoma uuguzi, alinitafutia. Kipimo kile kinaitwa kwa majina ya Dix na Hallpike, madaktari wa London waliokieleza mwaka 1952. Miaka tisa kabla ya Uhuru! Ile mbinu ya kugeuza ni ya John Epley wa Marekani, aliichapisha mwaka 1992. Hakuna kati ya hizo inayotaka kiyoyozi. Zinataka kitanda na mtu wa kushika kichwa.

Niliporudi nilipanda paa wiki tatu. Halafu likarudi. Dokta alikuwa amenionya kwamba ugonjwa huu unaweza kurudi wenyewe tu, bila sababu. Mimi nasema ni yale mashimo ya barabarani. Dokta hajapanda basi lile. Na barabara yenyewe usiizoee: mwaka 2024 mvua zilipoikata pale Somanga, njiani kwenda Dar, mtu wa Kusini mwenye rufaa mkononi alibaki nayo mkononi.

Dokta alikuwa amenielekeza pia la kufanya. Likirudi usije, alisema. Lala kitandani vilevile nilivyokulaza, mkeo asimame upande wa dirisha ili mwanga uingie usoni, akushikie simu karibu na macho, arekodi dakika moja, asitikisike. Usifumbe macho hata ukitamani kutapika. Video hiyo mpelekee nesi aniletee. Mtandao ukiwa mbovu si neno, ikifika usiku nitaitazama asubuhi. Nikiona macho yanachezea upande gani nitamwelekeza nesi la kufanya.

Mke wangu akarekodi. Mkono ulimtetemeka mara ya kwanza kwa kuniona navyoteseka, tukarudia. Ya pili ikatoka safi kabisa: macho yanaruka kama dagaa kwenye ndoo, na sauti yangu inasikika nikimwita mama yangu, ambaye ni marehemu. Nikaipeleka. Nesi akaitazama mara mbili, akanipa pole, akasema, "Fundi, mfumo haupokei video ya simu ya mgonjwa. Unapokea kamera ya ukutani tu."

Nesi asisumbuliwe kwa maneno haya. Amefanya kila anachoweza. Siku ile alijaribu kuielekeza kamera kwenye kioo cha simu yangu. Kosa lipo mahali pengine, na nadhani napajua. Naambiwa chumba kile kilijengwa kwa fungu la TEHAMA, si fungu la tiba, na fungu la TEHAMA lina runinga, kamera, nyaya na kiyoyozi, ila kitanda hakimo kwa kuwa kitanda si kompyuta. Kama sivyo, sahihisha. Lakini sioni sababu nyingine ya watu wazima kujenga chumba cha mgonjwa wakasahau pa kumlaza mgonjwa.

Sasa Jumatano.

Nilikuwa kwenye benchi la nje nasubiri kuuliza tena habari ya video. Mlango ulikuwa wazi, kiyoyozi kimekwisha kufa. Akaletwa mama mmoja wa rika la marehemu mama yangu. Kizunguzungu kimemwanza usiku na hakikomi, hata akitulia. Hapo nikashituka, maana changu nikitulia kinakoma. Akakalishwa kwenye kile kiti cha plastiki, mwanawe amemshika bega la kushoto, mjukuu la kulia. Wakiachia anaanguka. Mimi niliona, nilikuwa mlangoni. Kamera haikuona. Kamera inaonyesha uso, na uso wake haukuwa na kasoro. Daktari wa siku hiyo alikuwa mwingine, kijana, ana foleni. Akamwambia ainue mikono, akainua. Hakumwambia asimame. Angesimama wapi? Kati ya kiti na meza hapapiti mtu. Akaandikiwa vidonge vilevile nilivyoandikiwa mimi, akarudishwa nyumbani.

Jioni ulimi ukawa mzito. Wakakodi gari usiku hadi Mtwara mjini. Ni kiharusi, sehemu ya nyuma ya ubongo, ile inayoshika mizani ya mwili. Yu hai. Analishwa kwa mpira.

Sisemi yule kijana hakusoma. Alionyeshwa uso kwenye kiti, akatibu uso kwenye kiti. Binti yangu ni mwanafunzi tu, lakini nilipomsimulia alisema palepale: baba, mwenye kizunguzungu akishindwa kukaa au kusimama mwenyewe, au akiona vitu viwiliviwili, au ulimi ukiwa mzito, huyo haandikiwi vidonge, huyo anatafutiwa gari. Kumbe swali lilikuwa moja: mama, unaweza kusimama? Na mimi nililijua jibu, nimekaa benchini na simu yangu mkononi, nikanyamaza kwa kuwa si mahali pangu kuongea. Hilo ndilo ninaloshindwa kulilalia, Mheshimiwa. Wewe unalala?

Barua ya kwanza nilikuomba mengi. Niliomba mtandao uongezwe nguvu, nesi afundishwe kile kipimo, kamera ishushwe, mfumo upokee video, chumba kipanuliwe. Nimeyapunguza. Nimeona mengi ndiyo yanayowapa nafasi ya kusema yanafanyiwa kazi. Naomba kitanda. Kitanda kikiwepo, mgonjwa atalazwa, na anayelazwa lazima kwanza asimame atoke kwenye kiti, na atakayeshindwa ataonekana.

Na msiniambie hakitoshi. Nimepima, futi haibanduki mfukoni mwangu. Ukutani kwa ndani kuna mita tatu na sentimita kumi. Meza ikisogezwa mlangoni na kiti kikatolewa, kinaingia kitanda cha futi sita kwa mbili na nusu na njia ya nesi inabaki. Kamera ni skrubu nne, bisibisi ninayo, dakika kumi inakuwa kwenye mguu wa kusimama, inakwenda popote. Sitaki malipo.

Wala bajeti msiitafute. Nilisema tangu barua ya pili, huenda haikusomwa hadi chini: kitanda nimekitengeneza. Kazi ya chini ndiyo ninayoiweza siku hizi. Mbao ni za kenchi, zilibaki kwenye nyumba ya mwalimu, naye kaniachia. Upande wa kichwa nimeukata mfupi makusudi ili kichwa kining'inie kidogo, kama dokta alivyotaka. Nilikipeleka kwa mkokoteni mwezi uliopita, nikarudishwa getini. Eti kitu cha mtu binafsi hakiingii kwenye jengo la serikali bila kibali cha maandishi, na anayetoa kibali ni wewe.

Kwa hiyo ombi langu ni hilo. Karatasi moja, sahihi yako, mhuri. Waandike tu, "Fundi aruhusiwe kuingiza kitanda." Ulikata utepe kwa mkasi; hii ni kalamu.

Kitanda kipo barazani kwangu, nimekifunika turubai. Kuku wameanza kulalia, lakini nitakisafisha.

Wako mtiifu,
Fundi wa kuezeka, uwanda wa Makonde, Mtwara