Mpwa wangu, kabla hujasambaza tena hiyo linki

Mpwa wangu,

Tamthilia yako ya mapepo imekatwa hadithi ikiwa njiani, umewaka, na linki ya kusaini ombi la kuirudisha umeitupa kwenye kila grupu, hadi la kamati ya harusi ya dada yako. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wenzako wengi wana hasira hiyohiyo na wanakosea palepale: wanapiga kelele kwanza, halafu ndiyo wanauliza mwenye mali ni nani.

Mnapenda kuitolea mfano Lucifer, tamthilia ya kituo cha Fox kuhusu Shetani aliyeacha Kuzimu akaenda kuishi Los Angeles. Haya, tuichukue hiyohiyo. Ilipigiwa kelele za aina tatu, na moja tu ndiyo iliyozaa.

Ya kwanza ilianza mwaka 2015, kabla hata sehemu ya kwanza haijaonyeshwa. One Million Moms, mradi wa American Family Association huko Marekani, waliandaa ombi la kuitaka Fox iachane nayo kwa kuwa inampamba Shetani. Fox ikairusha tu, Jumatatu ya tarehe 25 Januari 2016, mara tu baada ya The X-Files, tamthilia iliyokuwa imerudi baada ya miaka mingi. Watazamaji wakapita milioni 7. (Namba hiyo usiitamani sana; wapo waliokuja kwa The X-Files na wakaona uvivu kubadili chaneli.) Mtu ambaye hangeitazama kwa vyovyote akisusa, kituo hakipotezi mtazamaji. Anayeweza kukitia hofu ni mwenye tangazo la sabuni katikati ya kipindi.

Ya pili ilitoka kwa wasomaji wa vitabu vya katuni, na hawa nitakaa nao kidogo maana walikuwa na hoja. Mhusika yule alizaliwa ndani ya katuni ya The Sandman mwaka 1989, kisha Mike Carey akamwandikia mfululizo wake wa matoleo 75, kuanzia 2000 hadi 2006. Huko Lucifer ameifunga Kuzimu, amekabidhi ufunguo, amefungua baa ya piano jijini Los Angeles iitwayo Lux, na ugomvi wake na baba yake unafika hadi kuumba ulimwengu wake mwenyewe. Ni mtu baridi, mwenye kiburi, asiyejali binadamu. Fox walichukua jina, mji, Lux na Mazikeen, pepo anayemtumikia. Lux ikawa klabu ya usiku. Mazikeen, ambaye kwenye katuni nusu ya uso wake imeharibika hata maneno yake ni tabu kuyaelewa, akapewa uso mzima, ile nusu mbovu ikawa inaonekana mara mojamoja. Juu ya hayo wakamleta askari mpelelezi, Chloe Decker, ambaye katika matoleo yote yale hayumo.

Kwa nini askari? Kituo cha hewani kinataka maiti ionekane dakika za mwanzo na muuaji akamatwe kabla saa haijaisha, ili aliyekosa wiki iliyopita akirudi asipotee. Kuumba ulimwengu hakuingii kwenye kipimo hicho. Constantine, tamthilia nyingine iliyotoka kwenye katuni, iliyoanza Oktoba 2014 kwenye kituo cha NBC, ilibanwa vilevile: kwenye katuni Constantine haachi sigara mdomoni, kwenye skrini sigara ikawa ya kufichwafichwa. Wasomaji walinung'unika kote kuwili na hakuna kilichobadilika, maana hesabu ya kituo ni ya mamilioni na wao hawakufika huko. Hata The Sandman ilipotoka Netflix Agosti 2022, na Lucifer akachezwa na Gwendoline Christie, watu waliuliza Tom Ellis, aliyemcheza kule Fox, yuko wapi. Mimi naona walifanya sawa kumwacha. Yule wa Ellis alishakuwa mtu mwingine kabisa. Angeingia pale na utani wake, Kuzimu yote ingegeuka klabu.

Sasa kelele ya tatu, hiyo mnayoiimba. Tarehe 11 Mei 2018 Fox ikaikata. Siku tatu baadaye ikaonyeshwa sehemu ya mwisho wa msimu wa tatu, na inaishia pale Chloe anapouona uso wa kishetani wa Lucifer kwa macho yake. Giza, basi. Hasira ya watu ilikuwa bado mbichi, wakaongezewa na kisa kisichofungwa; #SaveLucifer ikatapakaa Twitter. Tarehe 15 Juni Netflix ikatangaza kuichukua.

Mnachokiruka ni hiki. Fox haikuwa mwenye tamthilia. Ilikodi haki ya kuionyesha kutoka kwa mtengenezaji wake, Warner Bros., ikitegemea pesa ya matangazo, na watazamaji wa papo kwa hapo walikuwa wameshuka hadi milioni 3 na kitu. Kuiuza nchi za nje ilikuwa kazi ya Warner. Kwa hiyo kelele ileile Fox iliisikia kama usumbufu, na Warner ikaitumia kama karatasi ya kumwonyesha mnunuzi, ikiwa na sehemu 57 mkononi. Wiki hiyohiyo Fox ilikata tamthilia ya vichekesho ya Brooklyn Nine-Nine, na NBC ikaidaka ndani ya siku moja na ushei. Mtengenezaji wake alikuwa Universal Television, ndugu wa NBC. The Last Man on Earth ilikatwa siku moja na hiyo. Yenyewe ilikuwa ya kampuni ya Fox wenyewe, ikazikwa.

Na usidhani jina la Warner linatosha. Constantine nayo ilikuwa yao, nayo ilipiganiwa sana mwaka 2015. Ilikuwa na sehemu 13 tu, mzigo mdogo wa kumpelekea mnunuzi. Mashabiki waliambulia mhusika: Matt Ryan, aliyemcheza, akaonekana kwenye tamthilia nyingine, Arrow, Novemba mwaka huohuo, baadaye akahamia Legends of Tomorrow. Tamthilia yenyewe haikurudi.

Jambo jingine, kelele hununua sehemu zaidi, mwisho wa hadithi hainunui. Msimu wa tano ulitangazwa kuwa wa mwisho, kisha ukaongezwa wa sita, uliotoka Septemba 2021. Humo anatokea Rory, binti aliyekuja kutoka wakati ujao akiwa na hasira na baba aliyemkimbia, na Lucifer anaishia kumkimbia kweli ili mambo yaende yalivyokwenda. Mtu aliyelia misimu mitano kwamba baba yake alimtupa! Waliopigania tamthilia hiyo wamegawanyika hadi leo kuhusu mwisho huo.

Sasa hiyo yako. Angalia nembo zinazopita mwisho kabisa, baada ya majina. Kama mtengenezaji na mwonyeshaji ni nyumba moja, ombi lako halina pa kwenda. Kama ni wawili, elekeza nguvu kwa mtengenezaji. Usichelewe: tamthilia za vituo vya Marekani zikikatwa Mei, mikataba ya waigizaji kwa kawaida inashikilia hadi mwisho wa Juni tu, baada ya hapo kila mtu anatafuta kazi nyingine na seti zinabomolewa.

Kama iko Netflix, wao wakihesabu watazamaji wanagawa jumla ya saa zilizotazamwa kwa urefu wa tamthilia, na orodha ya zilizopendwa zaidi inahesabu siku 91 za mwanzo. Ukitazama sehemu mbili ukalala, umeiongezea kidogo sana. Netflix imefungua huku kwetu tangu Januari 2016, kwa hiyo akaunti ya Dar inahesabika. Ile uliyojaziwa kwenye flash kwa jamaa wa muvi, yenye sauti ya DJ juu yake, ni tamu, nakubali, ila kwa mwenye mali hujatazama kitu.

Ukiandika, andika kifupi: uko nchi gani, unatazama kwa huduma ipi, ulimaliza lini, na msimu ujao uko tayari kuulipia wapi. Matusi kwa waandishi wa hadithi yanasomwa na kijana anayeshika akaunti ya kampuni, naye hana sauti kwenye kikao chochote.

Mjomba wako