Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: mchoraji naye atajwe

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

Shikamoo Mheshimiwa, na pole na majukumu.

Ombi langu ni hili: kitabu cha watoto chenye picha kisipewe ithibati, yaani kibali cha kutumika shuleni, mpaka jina la mchoraji liwe kwenye jalada, na mchapishaji awe ameambatisha mkataba aliosaini naye.

Mtoto anayeanza darasa la kwanza hajajua kusoma. Akifungua kitabu huanza na picha, anabashiri kinachotokea, ndipo maneno yanafuata. Muulize mwalimu yeyote. Kwa hiyo picha ikikosea, kitabu kimekosea.

Niliwahi kupewa muswada wa hadithi ya kijiji cha Ugogo. Maelekezo ya picha yalitaka nyumba za msonge zilizoezekwa nyasi, na wanaume waliosimama wakipiga muheme. Mtoto wa Chamwino au Bahi angeuliza hao ni watu wa wapi. Nyumba ya asili ya Mgogo ni tembe: ya pembe nne, kimo kifupi, paa bapa la miti na udongo, mifugo uani. Na muheme ni ngoma ya akina mama. Huibana katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja. Nilikwenda kijijini kwa nauli yangu nikakaa nao, nikatazama mkono unavyotua kwenye ngozi na kitenge kinavyojikunja magotini, ndipo nikachora. Mhariri alikubali, namshukuru. Lakini kazi hiyo haikuwa na fungu. Tunalipwa kwa picha, bei ileile, iwe ina mbuyu mtupu au mnada mzima wa ng'ombe.

Halafu yanakuja marekebisho. Ongeza tabasamu. Punguza wekundu. Huyo bibi mfanye kijana kidogo (bibi wa kwenye hadithi ana wajukuu!). Hakuna anayehesabu mara ngapi umerudia. Mikataba ni michache, na ikiwepo husema haki zote ni za mchapishaji, basi. Mara nyingi makubaliano yote ni ujumbe wa WhatsApp: "Anza tu, hela Ijumaa." Ijumaa ipi, hasemi. Kitabu kikichapwa tena, unakikuta dukani kama mteja mwingine yeyote. Ninacho kimoja ambacho mwandishi yuko kwenye jalada, mhariri yuko ndani, hata kiwanda cha uchapaji kimewekewa anwani. Mimi simo.

Niseme haki: vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania huwataja wachoraji kwenye shukurani. Kilio changu ni cha vitabu vya hadithi na vya ziada.

Sheria tunayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda mchoro kama inavyolinda maandishi. Ila mchoraji wa Nkuhungu hana ubavu wa kumpeleka mchapishaji mahakamani kwa hela ya picha kumi, na mchapishaji analijua hilo vizuri. Anachokiogopa ni kukosa ithibati. Ndiyo maana naandika kwako na si kwa wakili.

Siku hizi kuna akili mnemba pia. Napigiwa simu nisichore, ila "ninyooshe vidole" vya picha zilizotengenezwa na kompyuta, kwa malipo ya nauli ya daladala. Sina ugomvi na mashine. Ila iambie ikuchoree akina mama wa Kigogo na muheme, utazame itakachokuletea.

Mkoa huu una michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Waliochora pale hatuwajui majina kwa kuwa ni watu wa kale. Sisi tuna vitambulisho vya Taifa na namba ya mlipakodi.

Kama ofisi yako itahitaji kuona mikataba yenyewe, na zile jumbe za Ijumaa, nitakuja nazo Mtumba siku yoyote ya kazi. Wenzangu kadhaa wako tayari kuja na zao, mradi majina yao yasifike kwa wachapishaji kabla hawajalipwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mchoraji wa vitabu vya watoto,
Nkuhungu, Dodoma.