"Kromosomu dhaifu" yenu imetukwamishia posa

Mhariri,

Mimi msomaji wenu wa siku nyingi hapa Moshi, leo naandika nina hasira kidogo mtanisamehe. Juzi mliandika eti kuna watu wana "kromosomu dhaifu" (kromosomu ni zile nyuzi za DNA ndani ya seli zinazobeba maandishi ya urithi) zinazokatika hovyo na ndo maana kansa ya koo inaandama koo fulani za huku kwetu (koo na ukoo, hata lugha yenyewe inatuchanganya). Basi Jumamosi tukapeleka posa ya mtoto wa marehemu kaka yangu kule Machame, baba wa binti akatoa kwenye koti gazeti lenu limekunjwa mara nne, akavaa miwani, akauliza, "Kwani baba yake kijana aliondoka na nini?" Kata ya mbege ikabaki mezani haina mnywaji.

Sasa hizo sehemu zinazokatika kirahisi kila mtu anazo, mimi, wewe mhariri na yule mzee na koti lake. Inayojulikana zaidi iko kwenye kromosomu namba 3, inaitwa FRA3B, na ndani yake kuna jeni ya FHIT ambayo kazi yake mojawapo ni kuzuia kansa. Haijaoza, ila ni ndefu mno, herufi za DNA kama milioni 1.5, na seli kabla haijagawanyika lazima inakili DNA yote na muda wake wa kunakili ni kama saa 8. Kunakili kunaenda herufi kama 1,500 kwa dakika, hata kukianzia ncha zote mbili kukakutana katikati, piga hesabu mwenyewe, ni saa 8 na dakika 20 hivi, muda umekwisha.

Ni kama msaragambo wa kuchimba mfereji. Kwingine watu wamejipanga kila hatua chache, kipande kimoja kirefu wamewekwa wawili tu, mmoja huku mwingine kule, tena wanaanza wenzao wanakaribia kumaliza. Siku ya kawaida wanajikongoja wanamalizia gizani. Sasa wape majembe butu uone, katikati hapajachimbwa, na maji yakifunguliwa panabomoka palepale. Hiyo ndo stresi ya kunakili. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani walichukua seli za damu za watu wenye afya kabisa, wakapunguza kasi ya kunakili kidogo tu kwa dawa ya afidikolini, kromosomu zikakatika sehemu zilezile kwa watu wote. Ukoo unaingiaje hapo?

Zipo chache adimu ambazo kweli zinarithiwa, kama ile ya kromosomu X ambapo herufi CGG zinajirudia zaidi ya mara 200 na mtoto anachelewa kujifunza, ila hiyo ni habari nyingine na ninyi mmezipika chungu kimoja.

Majembe butu tunajitafutia wenyewe. Kwa wavutaji sigara wenye kansa ya mapafu FHIT mara nyingi inakutwa imekatika, na kaka alivuta tangu ujana. Tena chai yake ilikuwa inatoka jikoni inatokota, kikombe wewe huwezi kukishika yeye keshamaliza nusu, na 2016 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani walisema vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha kansa ya koo, yaani umio, njia ya chakula. Hayo hamkuandika.

Mzee amesema atatujibu baada ya Pasaka, na gazeti lenu analiamini kuliko mimi. Naomba mrekebishe kabla ya hapo, ukurasa uleule, na maandishi yawe makubwa vilevile maana miwani yake ni ya zamani.

Mwalimu wa baolojia,
Moshi