Usiiape Pizza, Shoga Yangu

Shoga yangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Pale uliposema kwamba siku ya kuzaliwa ya mwanao ulikaa na glasi ya maji huku wengine wakila pizza, kwa kuwa presha imepanda na umeapa hutaigusa tena, roho iliniuma. Mtoto naye alikuuliza kama umekasirika! Hebu tulizungumze.

Ukiichambua pizza utakuta nini? Unga wa ngano, maji, hamira, nyanya, jibini. Jibini ina protini na kalsiamu. Nyanya ndiyo usiseme: kile kinachoipa wekundu, laikopini, mwili hukifyonza vizuri zaidi ikipikwa na mafuta kidogo kuliko ikiliwa mbichi. Adui yako wewe ni chumvi, nayo kwenye pizza imejificha kila mahali: kwenye unga, kwenye rojo la nyanya, kwenye jibini, na kwenye soseji ndiyo imejazana.

Juzi dukani niligeuza boksi la pizza ya kugandishwa nikasoma yale maandishi madogo. Gramu 1.3 za chumvi kwa kila gramu 100. Utadhani ni kidogo. Lakini pizza yenyewe ilikuwa na gramu 400, na mwenye njaa anaimaliza peke yake. Piga hesabu: gramu 5.2. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Niliirudisha palepale.

Mimi napika yangu. Usiku wa kuamkia siku hiyo nachanganya gramu 500 za unga, nusu yake usiokobolewa ili nipate nyuzinyuzi, na maji, hamira nusu kijiko cha chai, chumvi kijiko kimoja cha chai, basi. Donge linalala kwenye friji. Linaumuka polepole na kujijengea ladha, ndiyo maana halidai chumvi nyingi. Kesho yake limejaa viputo, ukilibonyeza linarudi taratibu. Nalitandaza liwe jembamba, napaka nyanya, napanga uyoga, hoho na vitunguu, kisha jibini naichana kwa vidole na kuiweka hapa na pale tu, kwa sababu ikifunika kila kitu huonji kingine. Oveni naiwasha moto wake wote.

Unga huo unatoa pizza nne. Vipande viwili au vitatu, bakuli kubwa la saladi, na maji badala ya soda: huo ni mlo kamili, na mara moja kwa wiki sioni ubaya wake. Soseji na nyama nyingine za kusindikwa nimeziacha kabisa. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliziweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hapo sina mjadala.

Dawa zako usiziruke, tafadhali, na ukirudi kliniki muulize daktari kiwango chako wewe cha chumvi.

Jumamosi nakuja. Donge nitalibeba mimi, wewe chemsha nyanya na uzimenye. Mwambie mwanao kazi ya kupanga uyoga ni yake.

Akupendaye,
Shoga yako