Barua kwa Mama Jabiri: mwalimu kwanza, vifaa baadaye

Morogoro, Jumamosi jioni

Mpendwa shoga yangu Mama Jabiri,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, watoto wanaendelea na shule na baba yao anakusalimu. Ujumbe wako niliusoma usiku ule ule, nikaona jambo hili si la kujibu kwa simu. Acha nikae niandike.

Unasema mwenye shule ameamua mwakani chekechea yenu iwe ya Montessori, ile njia ya daktari Maria Montessori ambamo mtoto hujifunza kwa kushika vifaa na kufanya kazi mwenyewe, mwalimu akimtazama na kumwelekeza. Vifaa vimeshaagizwa, kibao cha getini kinachorwa, na wewe na mwenzako ndio mtakaofundisha. Ukaniuliza kama njia hii ina ushahidi wowote au ni jina tu la kupandishia ada.

Ushahidi upo, tena mzuri. Ila ukiusoma mpaka mwisho utaona unamhusu mwalimu kuliko kitu kingine chochote, na hapo ndipo ninapotaka ukae na huyo bwana mzungumze kabla kibao hakijapigiliwa.

Ugumu wa kupima shule za namna hii uko kwa wazazi. Mzazi anayehangaika kumtafutia mwanawe shule ya tofauti mara nyingi ndiye pia anayemsomea hadithi usiku. Mtoto akifanya vizuri, utajuaje ni shule au ni nyumbani? Angeline Lillard, profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Virginia, alipata upenyo. Mjini Milwaukee, Marekani, kulikuwa na shule ya umma ya Montessori ambayo waombaji walizidi nafasi, kwa hiyo watoto walichaguliwa kwa bahati nasibu. Yeye na mwenzake Nicole Else-Quest wakawalinganisha waliopata na waliokosa. Wazazi wote waliitaka shule ile, kura tu ndiyo iliyowatenganisha. Matokeo yalitoka mwaka 2006 katika jarida la Science. Watoto wa miaka 5 wa Montessori waliwapita wenzao katika kutambua herufi na maneno, katika hesabu, na hata katika namna ya kucheza na kuelewana uwanjani. Wale wa miaka 12 waliandika insha zenye ubunifu zaidi, ingawa katika hesabu na kusoma walikuwa sawa na wenzao. Nimependa kwamba hilo nalo halikufichwa.

Mwaka 2017 ukatoka utafiti mwingine wa Lillard na wenzake, wa watoto 141 huko Hartford, Marekani, nao wa bahati nasibu. Waliwafuata tangu miaka 3 hadi 6. Walianza wakiwa sawa, kisha wa Montessori wakapanda zaidi. Kilichonigusa ni watoto wa familia maskini: kadiri miaka ilivyokwenda, ndani ya Montessori pengo kati yao na watoto wa wenye nacho lilizidi kupungua. Na mwaka 2025 ukaja utafiti mkubwa kuliko hizo zote, nao wa bahati nasibu, watoto 588 katika shule za umma 24 za Montessori. Walipofika umri wa kuingia shule ya msingi, waliopata nafasi walikuwa mbele katika kusoma, kumbukumbu, kujitawala na kuelewa mawazo ya wengine. Tena gharama kwa kila mtoto kwa miaka mitatu ilikuwa pungufu kuliko shule za kawaida kwa takribani dola 13,000, kwa sababu watoto wa miaka 3 na 4 walikuwa wengi zaidi kwa kila mtu mzima mmoja. Wakubwa huwafundisha wadogo. Sisi tuliozoea kuambiwa kwamba elimu ya kumfuata mtoto ni anasa ya matajiri, habari hiyo tuisome mara mbili.

Lakini tusiishie hapo. Mwaka 2012 Lillard alilinganisha madarasa ya Montessori yanayofuata njia yenyewe na yale yaliyochanganya, yaani vifaa vya Montessori viko rafuni lakini pembeni kuna makaratasi ya kujaza, mafumbo na midoli mingine. Jina ni moja, na wazazi wa pande zote wanaamini wamepata kitu kimoja. Waliosonga mbele zaidi ni watoto wa madarasa yaliyofuata njia yenyewe. Mama Jabiri, hilo ndilo la kupatana na mwenye shule. Jina la Montessori halina mwenyewe. Huko Marekani iliamuliwa tangu 1967 kwamba ni jina la kawaida, si mali ya mtu. Yeyote anaweza kuliandika getini. Linalobaki ni kinachofanyika darasani kuanzia saa mbili asubuhi, na hicho kiko mikononi mwa mwalimu.

Upande wa nchi zetu, mtafiti wa elimu Michele Schweisfurth alipitia makala 72 kuhusu ufundishaji unaomweka mwanafunzi katikati katika nchi zinazoendelea, akachapisha mwaka 2011. Picha yake inahuzunisha: sera nzuri, utekelezaji dhaifu. Madarasa yamefurika, vifaa haba, mitihani inavuta upande mwingine, na mwalimu ameandaliwa juu juu kisha anatakiwa afanye kile ambacho yeye mwenyewe hakuwahi kufanyiwa alipokuwa mwanafunzi. Sisi tuliokuwa kazini mtaala wa kujenga umahiri ulipoingia mwaka 2005 hatuhitaji kuelezwa. Naumia kila ninaposikia walimu wakilaumiwa kwa hilo.

Hivi karibuni niliruhusiwa kukaa kona ya darasa la Montessori la masista huku kwetu. Mtoto wa kama miaka minne alibeba sinia lenye jagi dogo la maji na vikombe viwili. Akamimina, maji yakafurika yakatiririka hadi sakafuni. Mwalimu alikuwa hatua mbili tu kutoka pale, kwenye kiti kifupi, daftari lake mapajani. Niliuona mkono wake ukiinuka, ukarudi. Mtoto akayatazama yale maji, akaenda kwenye msumari uliopigiliwa chini kiasi cha yeye kuufikia, akatwaa kitambaa, akapiga goti akafuta. Akarudi kumimina. Mwalimu akaandika kitu daftarini.

Baadaye yule mwalimu alikaa mkekani na binti mwingine na herufi za msasa, zile ambazo mtoto huzipapasa kwa vidole viwili. Akatoa mbili tu. "Hii ni mmm. Hii ni sss." Kisha, "Nionyeshe mmm." Mwisho akagusa moja akauliza, "Hii ni ipi?" Binti akakosea. Mwalimu hakusema umekosea, wala hakuwaita wengine wamsaidie. Alirudia kidogo, wakazirudisha rafuni pamoja, basi. (Kiswahili kinaipenda sana njia hii, maana herufi zetu zinasomeka kama zinavyosikika. Watoto wa Kiingereza wanahangaika zaidi.)

Wewe na mimi tumefundisha miaka mingi, na unajua mkono ule kurudi ni kazi kubwa kiasi gani. Hakuna kifaa kinachoufundisha. Ule mnara wa waridi, kifaa cha Montessori cha vipande kumi vya mbao kuanzia sentimita 1 hadi 10, fundi seremala wa Tanga atakuchongea. Jicho la kujua lini umsogelee mtoto na lini umwache, hilo linataka mafunzo na muda wa kukaa na mtu anayejua.

Mwenye shule anaweza kukuambia kwamba hata mwalimu wa kwanza wa Maria Montessori hakusomea ualimu. Ni kweli. Nyumba ya Watoto ilipofunguliwa San Lorenzo, mtaa wa maskini wa Roma, tarehe 6 Januari 1907, aliyewekwa na watoto hakuwa mwalimu wa mafunzo. Lakini nyuma yake alikuwapo Montessori mwenyewe, daktari aliyehitimu mwaka 1896, akija, akitazama, akielekeza. Na njia ilipoanza kuenea, alikimbilia kufundisha walimu: kozi ya kwanza ilikuwa mwaka 1909 huko Città di Castello, na uzeeni, vita vilipomkuta India, bado alikuwa anafundisha walimu.

Kwa hiyo usikatae, shoga yangu. Nakuombea uipate kazi hiyo. Ila mwambie akupeleke mafunzo wewe na mwenzako kabla ya vifaa kufunguliwa, na gharama iwe ya shule, si ya kukata kwenye mshahara wenu. Watoto wa miaka 3 hadi 6 wakae pamoja. Asubuhi isikatwekatwe vipindi. Montessori inataka kama saa tatu za kazi mfululizo. Na yeye mwenyewe, si wewe, awaite wazazi awaeleze kwa nini daftari litarudi nyumbani bila mistari ya a-e-i-o-u, kwa sababu hilo likiachiwa mwalimu, kufikia muhula wa pili utakuwa umesharudi ubaoni. Andalio la somo mtalipanga na mthibiti ubora akija. Masista wanasema linawezekana, nitawaomba wakuonyeshe lao.

Nimeshawaongelesha. Wamekubali uje ukae darasani mwao wiki nzima, na mwenzako akipenda aje pia. Chagua wiki ambayo ninyi mmefunga na wao bado wanasoma. Chumba kipo kwangu, usihangaike na gesti. Ukishazungumza na huyo bwana, niandikie alivyosema, hasa kuhusu nani atalipia mafunzo.

Nisalimie Jabiri na bibi yake.

Ni mimi shoga yako,
Mama Neema