Barua ya wazi kwa vijana wapiga picha wa Mtwara na Lindi

Wajukuu zangu,

Nimeshika kalamu kwa uchungu. Jumapili moja pale Shangani, mlipokutana kuonyeshana picha, binti mmoja mgeni kati yenu alitoa picha ya wavuvi wakishusha samaki alfajiri. Mmoja wenu alimwambia, "Futa hiyo," wengine mkacheka, na waliomwonea huruma wakasema "kali sana" bila kueleza ukali wake uko wapi. Binti aliondoka hana alichojifunza, na mnapaswa kumwomba radhi.

Nyuso za wavuvi wale zilikuwa nyeusi tii. Hakuna aliyemwambia kwamba pwani yetu inatazama mashariki, hivyo asubuhi jua huwa nyuma ya mtu aliyesimama majini, na kamera inayopima mwanga kwa kufuata maji yanayometameta hupunguza mwanga wa picha nzima. Angeelezwa apime mwanga usoni, au aongeze hatua moja ya mwanga kwenye kamera, au azunguke jua limwangukie mvuvi, angerudi kesho yake kujaribu. Hata hivyo, kabla ya kumwelekeza, mlipaswa kumuuliza alikusudia nini, kwa maana huenda alivitaka vivuli vile.

Ushauri pekee aliopewa ndio ulioniudhi zaidi: awang'arishe wavuvi kwa programu ya simu. Akafanya hivyo palepale, na wazee wa watu waliochomwa na jua maisha yao yote wakatoka na ngozi ya rangi ya karatasi. Wajukuu zangu, jambo hili lina historia. Kwa miongo mingi kadi ambazo kampuni ya Kodak ilizipeleka kwenye maabara za kusafishia picha ili kusawazisha rangi zilikuwa na sura ya mwanamke mweupe, na ngozi nyeusi ikawa inapotea gizani picha zinaposafishwa. Leo kamera zetu zina uwezo wa kuonyesha weusi wetu kwa uzuri wake wote, lakini sisi wenyewe tunaufuta kwa kidole, na jamii inayouza krimu za kujichubua kila gulioni inatushangilia. Mkiona uso umefifia, semeni mwanga umepungua. Msiseme kamwe kwamba mtu ni mweusi mno.

Mengine nitayataja kwa ufupi. Semeni sababu pamoja na kasoro: mtu aliyepiga Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, kuta zikaonekana zinainamiana, aelezwe kwamba aliinua kamera kutazama juu, na kwamba akirudi nyuma na kuishika bila kuielekeza juu zitanyooka. Kapu la samaki likitoka na ukungu kwa sababu mbebaji alikuwa anatembea, mtajieni kasi ya kamera kufunguka na kufunga, 1/250 ya sekunde, maana 1/30 haitoshi. Mstari wa bahari ukilala upande, semeni mara moja na mwendelee. Kasoro zikiwa nyingi, chagueni moja anayoweza kuirekebisha kesho. Kilicho kizuri nacho kitajwe kwa jina lake, kiwe ni mkono ulioshika kamba au nafasi iliyoachwa mbele ya ngalawa.

Najua mlikoitoa kejeli hiyo. Tumewalea katika madarasa ambamo mwanafunzi akikosea jibu huzomewa, na mwalimu hucheka pamoja na darasa. Sisi wazee tuliliona hilo tukanyamaza. Lakini nyinyi mlikuja kwenye picha kwa mapenzi, wala hamkulazimishwa na mtu, kwa hiyo mnaweza kuwa wapole kuliko tulivyokuwa sisi.

Nawe unayekosolewa, mwanangu, usikimbilie kujitetea. Msikilize mwenzako hadi amalize, kisha mwombe akuonyeshe kwa kidole sehemu anayoisema. Akishindwa kukuonyesha, mshukuru na umgeukie mwingine.

Mzee wenu,
Mikindani