Kwa Mwanangu, Kuhusu Kitabu Unachotaka Kukiacha

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba kazi inakwenda vizuri huko Dodoma. Sisi hapa tu wazima, na mengine ya nyumbani nitakueleza kwa simu. Leo nakujibu swali moja tu, la kama uendelee kusoma Nagona ya Euphrase Kezilahabi au uiweke kando, maana umeniuliza kwa aibu, kana kwamba kuacha kitabu ni kukimbia deni.

Sababu ya fedha, kwamba kitabu umeshakilipia, iondoe kabisa. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Hal Arkes na Catherine Blumer, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika jumba la maigizo la Chuo Kikuu cha Ohio. Kati ya watu waliokuja kununua tiketi za msimu mzima, baadhi walilipa bei kamili na wengine wakapunguziwa, bila wao kuchagua. Na katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili ndio waliohudhuria michezo mingi zaidi, ingawa michezo ilikuwa ileile. Walikuwa wakiifuata fedha yao. Yako imekwisha kufika kwa muuza vitabu, na hata ukisinzia juu ya kitabu hicho hadi ukurasa wa mwisho hatakurudishia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wapo wanaopenda kanuni. Nancy Pearl, mkutubi wa Seattle, aliwashauri wasomaji wakipe kitabu kurasa 50, na aliyevuka umri wa miaka 50 atoe umri wake katika 100, jibu liwe ndiyo idadi ya kurasa anazodaiwa. Kwa hesabu hiyo mimi mwenye miaka 61 nadaiwa kurasa 39, na kanuni yenyewe inazidi kunipendeza kila mwaka. Wewe haitakusaidia, kwa kuwa Nagona ni kitabu chembamba, na ukifika ukurasa wa 50 utakuwa umeshavuka nusu yake.

Afadhali ujiulize ni kitu gani hasa kinachokuchosha. Umeandika kwamba huelewi mambo yanatokea wapi wala lini. Kezilahabi wa Rosa Mistika ya mwaka 1971 na Kichwamaji ya mwaka 1974 alisimulia kwa njia tuliyoizoea: wahusika wana kwao, wana wazazi na shule walizosoma, na tukio moja linazaa jingine. Alipoandika Nagona, iliyotoka mwaka 1990, aliiacha njia hiyo kwa makusudi, mambo yakawa yanakuja na kupotea kama katika ndoto, na maswali ya kifalsafa yakachukua nafasi ya kisa. Nawe, kwa maelezo yako mwenyewe, unaisoma ndani ya daladala jioni ukitoka kazini, ukingoja kujua nani atamwoa nani. Unaidai riwaya hiyo kitu ambacho haikukuahidi. Kabla hujaamua, chagua Jumapili moja asubuhi, usome sura moja kwa sauti bila kutafuta kisa, uone kama bado inakukataa. Uchovu wa kutoelewa mara nyingi hupungua msomaji akibadili namna yake ya kusoma. Uchovu wa kuelewa kila kitu na kukuta hamna jipya haupungui, na kitabu cha aina hiyo mimi hukifunga mapema bila kumwomba mtu radhi.

Huenda pia ukaelewa, ukauona ustadi wa mwandishi, na bado moyo ukawa haupo. Hapo kiache. Nimewaona walimu wenzangu wakijilazimisha kumaliza kitabu kimoja kwa sababu tu kinasifiwa, kikakaa mezani miezi mingi kikizuia vingine visifunguliwe, hadi wakaacha kusoma kabisa. Ulipokuwa kidato cha tano, riwaya za mtihani hukuwa na hiari nazo, nami nilikusimamia bila huruma. Sasa huna mtahini, na sioni kwa nini ujitafutie mwingine.

Ukiamua kukiacha, usimpe mtu. Weka karatasi mahali ulipoishia, na mjomba wako atakapopita huko mwisho wa mwezi umpe aniletee, kwa kuwa nataka kukisoma tena pamoja na Mzingile, iliyokifuata mwaka 1991. Yeye nitampa Kichwamaji akuletee. Humo utakutana na Kazimoto, msomi kijana kama wewe, na visa vyake vinaweza kusomwa hata ndani ya daladala iliyojaa. Usiniulize mwisho wake kabla hujaufikia.

Wako akupendaye,
Mama